Likia au Dalmatia: pwani ipi kwa wawili wanaotaka kutweka tanga baada ya Agosti?

Wawili wakitaka wiki moja ya mashua katika Mediterania, msongamano wa Julai na Agosti ukiwa umepungua, majina mawili hayakosi kutajwa. La kwanza ni pwani ya Likia, kusini-magharibi mwa Uturuki, kuanzia Göcek na Fethiye hadi Kaş na Kekova. La pili ni Dalmatia nchini Kroatia, kutoka Split kupitia Hvar, Vis na Korčula hadi Dubrovnik. Kote kuna milima inayoingia baharini bila kuaga, maji ambayo unaiona nanga yako ikiwa imelala chini, na mawe ya kale kila mnapokunja rasi. Picha zake zinafanana hata mtu akadhani ni safari ileile yenye bendera tofauti.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Tarehe ya likizo yenu ndiyo itakayochagua kuliko ladha zenu. Likizo ikianguka kabla ya tarehe 25 Septemba hivi, Dalmatia ina nafasi sawa, na kwa anayependa kusafiri kwa tanga hasa, ina nafasi zaidi. Ikivuka wiki ya kwanza ya Oktoba, nendeni Likia. Hizo siku kumi na kitu za katikati ndizo za kubishania, na hapo ndipo mambo mengine yaliyoandikwa hapa yanapopata uzito: mnataka miji au magofu, mnataka faragha kiasi gani, na pasi zenu za kusafiria ni za wapi.

Pepo, maji na jua

Aliyekulia Lamu au Unguja amezoea pepo zinazoshika zamu. Kusi ina miezi yake, kaskazi ina yake, na malelezi yanakaa katikati. Mediterania ikishavuka Agosti haina zamu. Siku tatu mnaweza kuelea juu ya maji yaliyotulia kabisa, ya nne mkafungiwa bandarini.

Dalmatia ina pepo tatu ambazo nahodha yeyote atawatajia kabla hata hamjapanda. Maestral hutoka kaskazini-magharibi. Huamka mnamo saa nne au saa tano asubuhi, hukolea alasiri, hulala jua likizama. Hiyo ndiyo pepo ya likizo: mkitoka Split kuelekea kusini inawasukuma kutoka upande wa tezi, anga safi, mashua inakwenda bila kuyumba sana. Tatizo ni kwamba inazaliwa na joto la nchi kavu, kwa hiyo kadiri ardhi inavyopoa inapungua nguvu, na mwishoni mwa Septemba kuna siku haiji kabisa. Nafasi yake wanaanza kuichukua ndugu zake wawili wenye hasira. Jugo hutoka kusini-mashariki, huchukua siku moja au mbili kujijenga, huleta mawingu, mvua na mawimbi marefu. Bura ni baridi na kavu, hushuka kutoka kaskazini-mashariki kupitia mapengo ya milima, na inaweza kuanza ghafla chini ya anga ya buluu tupu. Jugo inakupa muda wa kujiandaa. Bura haikupi.

Likia hutawaliwa kiangazi na meltemi, upepo wa kaskazini-magharibi ambao Julai unaweza kuvuma siku nyingi mfululizo hadi watu wakachoka kushika vikombe. Kuanzia katikati ya Septemba unalegea. Oktoba hubakia upepo mwepesi wa alasiri, mara upo mara haupo. Hapa niwe mkweli kwa wanaoota matanga: Oktoba huko mtasikia injini kuliko tanga. Mnachopata badala yake ni ghuba zilizotulia, asubuhi za kuogelea, na usiku usio na mashua kugonga gati. Hatari zipo, hasa dhoruba za radi na lodos, upepo wa kusini-magharibi unaoingia mwisho wa mwezi. Lakini ghuba za Göcek zimejificha nyuma ya visiwa, na maji ya Kekova yamezibwa na kisiwa kirefu upande wa bahari kuu, kwa hiyo nahodha ana mahali pa kukimbilia.

Wasomaji wa Biblia wanaijua hali hii bila kujua kwamba wanaijua. Paulo alipopelekwa Roma akiwa mfungwa, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 27, alibadilishiwa meli Mira, mji wa Likia. Magofu yake leo yako Demre, jirani kabisa na Kekova. Masimulizi yale yanasema siku za mfungo zilikuwa zimekwisha kupita na safari imekuwa ya hatari. Mfungo huo ni ule wa Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, ambao huangukia Septemba au Oktoba. Paulo alionya, wenye meli hawakusikia, na mwisho wake ulikuwa kuvunjikiwa na meli Malta. Leo tuna utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, ila ushauri wa kutolazimisha ratiba baada ya katikati ya Oktoba haujazeeka.

Maji sasa. Septemba bahari ya Fethiye huwa karibu nyuzijoto 27, ya Split karibu 23. Oktoba ni kama 25 kwa 21, na Dalmatia inaendelea kushuka kila wiki. Kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi, nyuzi 21 ni za kurukia mara moja kwa ajili ya picha, kisha mbio kwenye taulo. Mvua nazo zinapishana: Dalmatia hupata mvua zake nzito kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati Likia kwa kawaida hulowa hasa kuanzia Novemba, na kilele chake ni Desemba na Januari.

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii hadi limewakuta, nalo ni saa ya jua kuzama. Kroatia hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo Split giza linaanza kuingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Uturuki iliacha kubadilisha saa mwaka 2016, hivyo saa ya Kaş ni ileile ya Dar es Salaam na Nairobi mwaka mzima, na mwishoni mwa Oktoba jua huko bado lipo hadi kupita saa kumi na mbili. Ni kweli kwamba Split hulipwa fidia kwa kupambazuka mapema. Mwenye kupenda kuamka saa kumi na mbili alfajiri likizoni ahesabu hilo kuwa faida.

Mawe yaliyozama, mawe yanayokaliwa

Hapa ndipo pwani hizi mbili zinapoachana kabisa, na pia ndipo nisipokubaliana na wanaosema "zote ni historia tu".

Likia inakuonyesha historia iliyoachwa. Watu wa Likia walikuwa na lugha yao na maandishi yao, na miji yao iliunda shirikisho ambalo miji mikubwa ilipiga kura tatu, ya kati mbili na midogo moja. Ukumbi wao wa baraza uko Patara, umekarabatiwa, unaingia na kukaa kwenye ngazi za mawe. Wafu wao waliwazika juu, ndani ya majabali. Mkiwa bandarini Fethiye mnaliona kaburi la Amyntas, la karne ya 4 kabla ya Kristo, limechongwa ukutani mwa mlima kwa umbo la mbele ya hekalu. Mengine ni majeneza makubwa ya mawe yenye vifuniko vya mgongo mkali, yametapakaa kila mahali: barabarani Kaş, kwenye mizeituni, na moja maarufu limesimama ndani ya maji mbele ya kijiji cha Kaleköy.

Kaleköy, Simena ya kale, ndipo mahali ningependa wawili wafike jioni. Hakuna barabara ya gari. Unafika kwa chombo au kwa miguu. Juu kuna ngome, na ndani ya ngome ukumbi mdogo wa michezo uliochongwa kwenye mwamba wenyewe, safu saba tu za viti. Ng'ambo, kando ya kisiwa cha Kekova, matetemeko ya ardhi yaliizamisha sehemu ya mji: ngazi zinateremka na kuendelea chini ya maji, kuta za nyumba zinakatikia kwenye mstari wa bahari. Juu ya magofu hayo hairuhusiwi kuogelea wala kutia nanga, kwani eneo lina hifadhi tangu 1990. Yanatazamwa mashua ikipita polepole, au mkodi kayaki na mpige kasia wenyewe, na hiyo ya pili ni bora mara kumi.

Njiani kutoka Fethiye kuna kisiwa cha Gemiler chenye magofu ya makanisa ya enzi za Bizanti, na ng'ambo yake njia ya miguu inayopanda hadi Kayaköy, mji wa Wagiriki uliobaki mtupu baada ya mabadilishano ya watu kati ya Uturuki na Ugiriki ya mwaka 1923. Nyumba mamia kwa mamia, bila mapaa. Si mahali pa kufurahisha, lakini wawili wakipanda asubuhi kabla ya joto watakuwa na la kuzungumza mchana kutwa.

Na kuna jambo la Likia ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuliona la kwake. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aliona mabaki ya meli chini ya rasi ya Uluburun, karibu na Kaş. Wataalamu walifukua kuanzia 1984 hadi 1994. Ilikuwa meli ya biashara iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo ikiwa na kama tani kumi za shaba, tani moja ya bati, vioo vya buluu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, na magogo ya mti mweusi. Magogo hayo yalipopimwa yalionekana kuwa ya mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde. Yalifika huko kupitia Misri, ambako mti huo uliletwa kutoka nchi za kusini. Mabaki yote yako kwenye jumba la makumbusho ya mambo ya kale ya chini ya maji, ndani ya ngome ya Bodrum. Bodrum haiko kwenye njia ya Fethiye na Kekova, kwa hiyo anayetaka kuyaona atue Bodrum kwanza, alale usiku mmoja, kisha ateremke kwa gari. Ningefanya hivyo bila kujiuliza.

Dalmatia ni kinyume. Huko historia ina watu ndani yake, wanaanika nguo. Kasri la Diocletian, kaisari wa Roma, pale Split lilijengwa mnamo mwaka 305, na kitovu cha mji wa leo kiko ndani ya kuta zake: duka la simu, mkahawa, ngazi za bibi anayepandisha mboga. Hvar, kwenye mji wa Stari Grad, Wagiriki kutoka Paros walianzisha makazi mwaka 384 kabla ya Kristo na kuyapima mashamba bondeni, na mashamba hayo bado yanalimwa kwa mipaka ya mawe ileile, zabibu na mizeituni. UNESCO ililiorodhesha bonde hilo mwaka 2008. Kodini baiskeli, msilione kwa dirisha la teksi. Korčula wanadai msafiri Marco Polo ni mtoto wao, na wanaonyesha hadi nyumba; Venice, wanaomdai pia, hawacheki. (Huyo ndiye aliyeieleza Zanzibar kwa kujiamini kabisa bila kuikanyaga, kwa hiyo madai kuhusu kwao yachukuliwe vivyo hivyo.)

Vis ilikuwa kituo cha jeshi la Yugoslavia, wageni hawakuruhusiwa hadi 1989, na kwa sababu hiyo haikuwahi kujengwa mahoteli ya kupanga foleni. Mahandaki ya nyambizi bado yapo na mashua inaweza kuchungulia ndani. Pango la Buluu la Biševo, lililo karibu, linategemea bahari: mlango wake ni mdogo, vinaingia viboti vidogo tu, na jugo ikivuma linafungwa. Oktoba msilifanye kuwa sababu ya safari.

Dubrovnik yenyewe inajulikana, sina haja ya kuisifu. Kuta zake zina mzunguko wa mita 1,940, na kuzitembea asubuhi na mapema ni moja ya saa mbili bora katika Mediterania yote, ingawa kiingilio kimepanda hadi kati ya yuro 35 na 40 katika miaka hii. Ninalotaka mlijue mkiwa juu ya kuta hizo ni hili: mwaka 1416 Dubrovnik, wakati huo jamhuri ndogo ya wafanyabiashara, ilipiga marufuku biashara ya watumwa kwa raia wake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Sheria ya Dubrovnik ilihusu kuuza na kununua, haikuwafungulia milango waliokuwa tayari majumbani, lakini tarehe hiyo inamfanya mtu wa pwani yetu asimame kidogo.

Chombo: swali linalowahusu wawili kuliko kundi

Matangazo mengi yameandikwa kwa makundi ya marafiki wanane. Wawili hesabu yao ni nyingine.

Likia ni nchi ya guleti, chombo kipana cha mbao chenye milingoti miwili, kinachoundwa hasa Bodrum na Bozburun. Kinakuja na nahodha, mpishi na mabaharia. Mnaweza kununua nafasi ya chumba kimoja ndani ya guleti yenye wageni wengine, na njia maarufu ni ya siku nne usiku tatu kati ya Fethiye na Demre. Ni nafuu, ni rahisi, na bahati yenu iko mikononi mwa wageni wenzenu. Wakiwa vijana wenye spika kubwa, ghuba tulivu itakuwa imekwenda na maji. Guleti nzima kwa watu wawili ni anasa ya kifalme, lakini zipo ndogo za vyumba viwili au vitatu, na Oktoba bei zake hushuka kiasi cha kuwafanya wawili wanaoadhimisha ndoa waifikirie kwa dhati. Jambo la kujua: guleti nyingi hutweka tanga kwa ajili ya kamera. Mtu anayetaka kusikia chombo kikiinama kwa upepo atavunjika moyo. Na ule mtindo wa kulala sitahani chini ya nyota ni wa Julai. Oktoba umande unalowesha godoro kabla ya alfajiri.

Dalmatia ni nchi ya yoti za kukodi, zile za mita 10 hadi 14, za Jumamosi hadi Jumamosi. Kuiendesha wenyewe kunahitaji cheti cha unahodha kinachotambuliwa pamoja na cheti cha redio ya VHF, na mamlaka za Kroatia hazina mzaha na karatasi. Uturuki nao wanataka cheti. Msipokuwa nacho mnaajiri nahodha, na gharama yake mara nyingi iko karibu na yuro 200 kwa siku, chakula chake juu yenu. Hilo la pesa linaelezwa sana. Lisiloelezwa ni kwamba katika yoti ya mita 10 mtu wa tatu yuko nanyi asubuhi, mchana na usiku, nyuma ya ukuta wa mbao mwembamba. Nahodha mzuri anajua kushuka pwani jioni na kuwaachia chombo. Mwulizeni wakala mapema nahodha atalala wapi, na msione haya kuuliza. Kwa wawili ningependekeza yoti ya mita 12 au zaidi yenye choo cha pili, hata kama vyumba viwili vitakaa vitupu.

Kama mmoja wenu ana cheti na mwingine hajawahi kushika kamba, mnaweza kuiendesha wawili, lakini kufunga chombo gatini wakati upepo unasukuma kutoka ubavuni ni kazi ya mikono minne yenye uzoefu. Ndoa nyingi hupimwa pale. Likia afadhali kidogo kwa jambo hilo, kwa kuwa mikahawa ya ghubani ina vigati vyake na kijana anayekuja kuwapokea kamba.

Wiki inavyokwenda

Dalmatia hugawanyika vizuri: Split hadi Hvar, Hvar hadi Vis, Vis hadi Korčula, Korčula hadi Mljet, kisha Dubrovnik. Mguu mrefu ni ule wa Vis hadi Korčula. Mingine inaisha kabla ya chakula cha mchana kuchelewa. Mljet msiiruke. Upande wake wa magharibi ni hifadhi ya taifa tangu 1960, maziwa mawili ya maji ya chumvi ndani ya msitu wa misonobari, na katikati ya moja kisiwa chenye monasteri ya karne ya 12. Mkifika Dubrovnik msitarajie kufunga chombo mbele ya mji mkongwe: marina iko Komolac, kilomita kadhaa ndani ya mlango wa mto, na mjini mnaenda kwa basi au teksi. Safari ya kuanzia Split na kuishia Dubrovnik pia hutozwa nyongeza ya kurudisha chombo, kwa hiyo wengi huzunguka na kurudi Split na kuiona Dubrovnik kwa njia nyingine.

Likia ina kikwazo kimoja kikubwa, nacho ni kipande cha pwani kinachoitwa Yediburunlar, Rasi Saba, kati ya Ölüdeniz na Kalkan. Hakuna kimbilio la maana, na kikiwa kibaya ni kibaya kweli. Nahodha mwenye akili hung'oa nanga gizani na kukivuka kabla ya saa nne asubuhi. Wasiotaka presha hiyo wana njia mbili: kubaki wiki nzima Göcek na Fethiye, ghuba kwa ghuba, au kuanzia Kaş na kuzunguka Kekova peke yake. Kwa wawili wa Oktoba mimi ningechagua hii ya Kaş na Kekova. Umbali ni mfupi, magofu ni mengi, na hata siku ya mvua mnaweza kupanda gari kwenda Mira au Patara.

Mezani na mfukoni

Likia nguruwe ni wa kutafutwa, Dalmatia ni wa kuepukwa. Kwa wanandoa Waislamu hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala: Uturuki mnakula bila kuhoji kila sahani, na adhana inawafikia hadi ghubani. Dalmatia mtakula samaki wa kuchoma na viazi na mboga za majani siku zote saba bila kulalamika, ila nyama kavu ya paja la nguruwe itawafuata kila meza. Mlo wa kukumbukwa huko ni peka, pweza au mwanakondoo aliyefunikwa chini ya kifuniko cha chuma na kufukiwa makaa, ambao huagizwa saa kadhaa kabla, kwa simu, mkiwa bado baharini. Likia kitamu kinakuja chenyewe: akina mama kwenye vijiboti wanaosogea hadi ubavuni mwa chombo na kukaanga gözleme, chapati nyembamba ya jibini na mchicha, hapohapo mbele yenu.

Bei. Kroatia inatumia yuro tangu Januari 2023, na usiku mmoja katika marina inayopendwa, chombo cha mita 12, unaweza kuzidi yuro 100. Uturuki ghuba nyingi ni bure mkila kwenye mkahawa wenye gati. Lakini ile Uturuki ya bei chee iliyosimuliwa na waliokwenda zamani imekwisha. Mfumuko wa bei umeipita, vyombo vinapangishwa kwa yuro, na pombe ina kodi nzito. Tofauti kubwa ya mwisho wa msimu si bei, ni milango: kuanzia Oktoba mikahawa mingi ya visiwa vya Dalmatia inafungwa na ratiba za feri zinapunguzwa. Kaş ni mji wa watu mwaka mzima, hivyo Oktoba bado una uhai.

Pasi na njia ya kufika

Anayeishi Ujerumani, Uholanzi au Uswidi kwa kibali cha ukaazi anaingia Kroatia bila viza, kwani nchi hiyo iko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 1 Januari 2023. Kwake Dalmatia ni ndege moja fupi, ingawa safari za moja kwa moja kwenda Split hupungua kadiri Oktoba inavyosogea. Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kwa pasi ya nyumbani ataomba viza ya Schengen: ada yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya angalau yuro 30,000, na maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla. Ombeni mapema kabla hamjalipa chombo, kwa sababu malipo ya awali ya mashua mara nyingi hayarudi.

Uturuki ina viza yake, na masharti hutofautiana kwa pasi, tena hubadilika. Tovuti rasmi ya viza ya kielektroniki ndiyo ya kuaminiwa, si ya wakala. Kwa ndege ni rahisi zaidi kutoka kwetu: Istanbul ina safari za moja kwa moja na Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Kilimanjaro, kisha mnabadilisha kwenda Dalaman kwa ajili ya Göcek na Fethiye, Antalya au Dalaman kwa Kaş, Bodrum kwa ajili ya makumbusho.

Mkiwa Kaş mtakiona kisiwa cha Meis ng'ambo, kama kilomita mbili tu kutoka nchi kavu, na kila wakala wa gatini atawauzia safari ya siku moja. Kisiwa hicho ni Ugiriki, jina lake la huko ni Kastellorizo, na kukanyaga gati lake ni kuingia Schengen. Asiye na viza hiyo abaki Kaş. Aliye nayo ahakikishe kwanza viza yake ya Uturuki inaruhusu kuingia mara ya pili siku hiyohiyo jioni.